Swichi Janja na Kelele za Umeme: Maswali Ninayoulizwa Kila Wiki

Mteja akinipigia simu kuhusu swichi janja (swichi ya taa unayoweza kuiamrisha kwa simu), sentensi ya kwanza huwa ni "fundi, hizi swichi ni feki." Wakati mwingine ni feki kweli. Mara nyingi zaidi swichi haina kosa lolote. Imefungwa kwenye nyumba ambayo nyaya zake zilipitishwa kwa ajili ya swichi ya kubonyeza na balbu ya zamani, halafu ikazungukwa na chaja, pampu, inveta na taa za LED za bei ya chee. Majibu yaliyo hapa ni ya umeme wetu wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Ombi langu ni moja: usinunue chochote kabla hujasoma swali la pili.

Hizo "kelele za umeme" ni zipi? Mbona mimi sisikii kitu?

Umeme unaotoka nguzoni unatakiwa upande na kushuka taratibu, kama bahari iliyotulia. Kelele ni vijiwimbi vidogo na miruko ya ghafla inayopanda juu ya wimbi hilo. Masikio hayaisikii, lakini swichi janja inaipata, kwa sababu ndani yake kuna kompyuta ndogo inayotumia takriban volti 3.3 tu. Mruko ambao pasi haiutambui kabisa unaweza kuifanya kompyuta hiyo isahau ilikuwa inafanya nini.

Vyanzo viko kila chumba. Chaja ya simu, runinga na taa ya LED vyote hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili kuushusha. Chaja nzuri ina koili (waya uliozungushwa) na kapasita (kipuri kinachohifadhi umeme kidogo) mlangoni za kuzuia uchafu huo usirudi kwenye nyaya. Fungua chaja ya bei ya kutupa uone: mara nyingi kwenye bodi nafasi za vipuri hivyo zimechorwa kabisa, ila hazikujazwa. Mtengenezaji ameokoa shilingi chache, wewe umebaki na kelele.

Nitajuaje kama tatizo ni kelele, Wi-Fi, au swichi yenyewe?

Anza na kidole. Swichi ikigoma kwenye simu lakini ukiigusa ukutani inafanya kazi, achana na nyaya, shida iko kwenye mawasiliano. Ikigoma kote kuwili, au ikijiwasha yenyewe, basi tazama umeme.

Kisha nenda kwenye meni swichi. Zima breka zote, bakiza ya taa peke yake (na ya ruta kama iko kwenye soketi nyingine). Subiri muda ambao kwa kawaida tatizo lingekuwa limeshajitokeza. Likitoweka, rudisha breka moja moja, halafu ndani ya ile iliyoleta shida chomoa kifaa kimoja kimoja. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo maana watu wanairuka na kwenda dukani.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kubadilishana. Zima umeme, chukua swichi inayosumbua, ihamishie chumba ambacho hakina shida, na ya huko ilete huku. Ugonjwa ukihama pamoja na swichi, swichi ni mbovu, irudishe. Ukibaki chumbani, hata ukibadilisha swichi kumi utapata jibu lilelile.

Taa ya LED inawaka hafifu au inapepesa usiku hata nikiizima. Kuna jini?

Hili ndilo swali nambari moja, na jibu lake halina jini.

Nyumba zetu nyingi zimepigwa waya kwa mtindo wa Kiingereza: laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) zinaishia juu kwenye silingi rozi, kile kikombe cha darini taa inapofungwa, halafu waya mbili tu ndizo zinazoshuka kwenye swichi. Moja inaleta laivu, nyingine inairudisha kwenye taa. Nyutro haifiki ukutani kabisa. Kwa swichi ya kawaida hilo si tatizo, kwani kazi yake ni kuunganisha na kuachanisha basi. Swichi janja lakini inahitaji kula saa ishirini na nne, hata taa ikiwa imezimwa, ili isikie amri yako. Ikikosa nyutro, inajilisha kwa kupitisha umeme kidogo kupitia taa yenyewe.

Enzi za balbu ya wati 60 hakuna ambaye angeona kitu, maana uzi wa balbu hauwezi kuwaka kwa umeme mdogo kiasi hicho. Taa ya LED ya wati 5 ni mnyama mwingine. Ndani yake kuna kapasita inayojaa polepole kwa ule umeme mdogo. Ikifika kiwango fulani taa inamulika, kapasita inaisha, inaanza tena kujaa. Ndiyo maana inapepesa kwa mwendo ule ule kama saa ya ukutani.

Tiba ziko tatu. Ya kwanza na bora ni kuvuta nyutro mpaka kwenye boksi la swichi na kufunga swichi inayotumia nyutro. Kama unajenga sasa hivi, mwambie fundi wako leo, kabla ya plasta: nyutro kwenye kila boksi, na maboksi yawe na kina. Ni waya wa ziada tu. Ya pili ni kile kipande kidogo chenye waya mbili kinachokuja ndani ya pakiti ya swichi zisizotumia nyutro, ambacho watu wengi hukitupa pamoja na karatasi. Hicho ni kapasita, na kinaupa ule umeme mdogo njia ya kupita pembeni ya taa. Ya tatu ni kuongeza mzigo: taa tatu kwenye swichi moja mara nyingi hutulia pale taa moja ilipokuwa inahangaika.

Ukiona taa inawaka hafifu huku swichi ni ya kawaida kabisa, chanzo ni kingine. Waya mbili ndefu zikilala pamoja ndani ya bomba, moja ina umeme na nyingine haina, ile yenye umeme huiambukiza mwenzake kidogo. Testa itawaka, mita ya dijitali inaweza kukuonyesha hata volti 80, na mtu atakuambia kuna shoti ukutani. Mara nyingi hakuna. Kapasita ileile inalimaliza hili pia.

Nimekifunga kipande hicho kwenye swichi lakini hakijasaidia.

Kwa sababu hakifungwi kwenye swichi. Kinafungwa juu kwenye taa, kati ya waya unaotoka swichini na nyutro. Kama taa ziko tatu kwenye swichi moja, kimoja kinatosha kwa kuanzia.

Ukikikosa ukaamua kununua kapasita dukani, itake iliyoandikwa X2 na volti 275 za AC. Usikubali yoyote "inayofanana." Ile X2 imetengenezwa kukaa kwenye umeme wa nyumbani mchana na usiku, ya kawaida inaweza kuungua juu ya dari lako ukiwa umelala.

Swichi yangu ya kioo, ya kugusa, inajiwasha yenyewe usiku wa manane.

Swichi ya kugusa haina kitufe. Inapima mabadiliko madogo sana ya umeme nyuma ya kioo kidole kinapokaribia. Chochote kinachofanana na kidole kinaweza kuidanganya: kelele kutoka kwenye chaja iliyo soketi ya jirani, matone ya unyevu, na ndiyo, mjusi. Mjusi kafiri anapenda joto la swichi, akipita juu ya kioo taa inawaka. Akiingia ndani ya boksi ni balaa zaidi, nimewahi kutoa mifupa. Sisimizi nao hujaa mle. Ziba tundu la bomba nyuma ya boksi kabla hujailaumu kampuni.

Kwa sisi wa pwani kuna chumvi. Dar, Tanga, Mombasa na Unguja, hewa inakula skrubu na kufanya viungo vilegee. Kiungo kilicholegea hutoa cheche ndogo ndogo, na kila cheche ni kelele. Kila ninapofungua boksi la nyumba iliyo karibu na ufukwe, kazi ya kwanza ni kukaza skrubu zote. Mara kadhaa kazi imeishia hapohapo.

Kama ni kelele kweli, jaribu hivi: chomoa kila kitu kwenye soketi za karibu, zima breka ya taa kwa nusu dakika, kisha iwashe bila kuigusa swichi. Swichi za aina hii nyingi hujipima upya zinapopata umeme. Ukiwasha huku umeegemeza mkono juu yake, itajipima vibaya na utaona vituko mpaka uizime tena.

Kila pampu ya maji ikijizima, swichi mbili zinapotea kwenye simu. Kuna uhusiano?

Upo, na ni wa moja kwa moja. Mota ina koili kubwa. Ukiikatia umeme ghafla, nguvu iliyokuwa imehifadhiwa kwenye koili inatafuta pa kutokea, na inaruka kama cheche kwenye viungo vya swichi yake. Mruko huo unasafiri kwenye nyaya na kuipiga kompyuta ndogo ya swichi janja, ambayo inajizima na kuanza upya. Friji hufanya vivyo hivyo, pamoja na pangaboi na taa za tyubu zenye choki. Pampu inatisha zaidi kwa sababu ni kubwa, na kwa sababu wengi tunaiunganisha popote ilipopatikana waya.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ambako taa za sebuleni zilizimika kila simtanki likijaa. Mwenye nyumba alikuwa amebadilisha ruta mara mbili. Fundi aliyenitangulia alikuwa amechukua umeme wa pampu kutoka kwenye waya wa taa za nje, na waya huohuo ndio uliolisha sebule. Hakuna kifaa cha kununua kinachotibu hilo. Tulivuta waya wa pampu peke yake mpaka kwenye breka yake, shida ikaisha siku hiyo.

Kama waya tayari uko peke yake na bado kuna tatizo, kuna kizima-cheche: kapasita ya maikrofaradi 0.1 na rezista ya omu 100 zilizofungwa mfululizo ndani ya kipande kimoja. Kinafungwa sambamba na mota, karibu nayo iwezekanavyo. Kukifunga kwenye swichi janja iliyo mbali ni kumngoja mwizi mpaka afike chumbani. Na tafadhali usiendeshe pampu moja kwa moja kwa swichi janja iliyoandikwa ampia 10. Kiwango hicho ni cha mzigo mtulivu kama hita. Mota inapoanza huvuta mara kadhaa ya kiwango chake, na viungo vya relei (swichi ndogo ya ndani inayowasha na kuzima) hugandana. Tumia kontakta (swichi kubwa ya umeme inayohimili mota), swichi janja iamrishe kontakta.

Natafutaje kifaa kinachotoa kelele bila kununua vipimo?

Redio. Tafuta redio ndogo ya betri yenye AM, iweke mahali pasipo na stesheni, ongeza sauti, kisha tembea nayo nyumbani. Mluzi au mkwaruzo ukizidi unapokaribia chaja, taa au ukuta fulani, umeshampata mshukiwa. Mzime usikilize kama kimya kinarudi. Redio ya FM haitakusaidia, muundo wake unapuuza kelele za aina hii.

Halafu zima meni swichi nyumba nzima. Mkwaruzo ukiendelea vilevile, kelele inatoka nje, pengine kwa jirani anayechomelea mageti. Hapo huna cha kuzima, inabaki kujikinga.

Kujikinga vipi? Ile "feraiti" inasaidia?

Umeshaiona, ni kile kinundu cheusi kwenye waya wa chaja ya kompyuta. Inazuia kelele za masafa ya juu na kuacha umeme wa kawaida upite. Zipo za kubana zinazofunguka kama kibanio cha nywele. Pitisha waya wa kifaa kinachopiga kelele mara tatu au nne ndani yake, maana kuupitisha mara moja tu ni kama mapambo. Na ibane kwenye kifaa chenye kosa, si kwenye swichi. Lakini kama chaja ya elfu tatu ndiyo inayovuruga nyumba, kubadilisha chaja ni rahisi kuliko kuivika feraiti.

Nikiwa kwenye inveta au jenereta, swichi zinachanganyikiwa. Umeme ukirudi zinatulia.

Inveta za bei nafuu hazitoi wimbi laini, zinatoa ngazi: juu, sifuri, chini. Dima (swichi za kupunguza mwanga) na swichi zisizotumia nyutro hutegemea kujua wimbi linapita sifuri lini, na kwenye ngazi hizo zinapotea. Zaidi ya hapo, kapasita zilizo ndani ya vifaa vidogo hupitisha umeme mwingi kuliko zilivyopangiwa, zinapata moto na kuchoka mapema. Kwa nyumba yenye swichi janja nunua inveta ya wimbi kamili. Huku sioni njia ya mkato.

Jenereta ndogo shida yake ni mwendo. Friji ikijiwasha injini inazama, mizunguko inashuka, kisha inapaa. Taa zikicheza kwa mtindo huo si swichi, ni jenereta.

Umeme ukikatika na kurudi, taa zote zinawaka saa tisa usiku.

Hii si kelele, ni mpangilio. Ndani ya programu ya simu tafuta sehemu inayouliza swichi ifanye nini umeme unaporudi: iwake, izime, au irudi ilivyokuwa. Chagua izime.

Zangu ni za Zigbee. Zile za mbali zinakatika jioni.

Zigbee ni mfumo wa redio ambao baadhi ya swichi janja huutumia badala ya Wi-Fi, kwa hiyo hapa kelele iko hewani. Zigbee, Wi-Fi ya gigahezi 2.4, Bluetooth na oveni ya maikrowevu vyote vinagombania uwanja mmoja. Jioni majirani wamerudi, kila mtu yuko mtandaoni. Wi-Fi hutumia zaidi chaneli 1, 6 na 11. Ukiihamishia Zigbee chaneli 25 utakuwa juu ya chaneli 11 ya Wi-Fi, ambako kuna upenyo. Namba za mifumo hii miwili hazilingani, kwa hiyo chaneli 11 ya Zigbee iko karibu na chaneli 1 ya Wi-Fi. Wengi hujikwaa hapo. Ujue pia kwamba ukihamisha chaneli, baadhi ya vifaa vinaweza kutaka kuunganishwa upya.

Kama unatumia kile kidude cha Zigbee kinachochomekwa kwenye USB ya kompyuta, usikichomeke moja kwa moja, hasa kwenye tundu la USB 3. Tundu hilo lenyewe hutoa kelele kwenye gigahezi 2.4. Waya wa ekstensheni wa mita moja hufanya maajabu.

Na boksi la swichi likiwa la chuma, ishara inazibwa. Swichi ya kioo au plastiki kwa mbele husaidia, ishara inapitia huko.

Tangu nifunge taa mpya, kidude cha kuingizia tokeni hakisomi. Nacho kinahusika?

Kinaweza. Mita nyingine siku hizi ziko juu ya nguzo, na wewe ndani una kidude cha kubonyezea namba tu. Baadhi ya vidude hivyo huzungumza na mita kupitia nyaya zilezile za umeme, na kelele ikizidi maneno hayafiki. Chomoa chaja, runinga na inveta, kichomeke kwenye soketi iliyo karibu kabisa na meni swichi, ingiza tokeni, kisha rudisha vitu. Wazo la kupitisha amri kwenye nyaya za umeme si geni: mfumo wa X10 uliobuniwa Scotland mwaka 1975 uliwasha taa kwa njia hiyo, kwa ishara za kilohezi 120, na kelele ndizo zilizousumbua tangu vifaa vya kukatakata umeme vilipojaa majumbani.

Kaka yangu ameniletea swichi nzuri kutoka Marekani. Nizifunge?

Angalia kwanza mgongoni. Zikiandikwa volti 120, zitaungua siku ya kwanza. Zikiwa za Z-Wave (mfumo mwingine wa redio wa swichi janja), za Marekani hutumia megahezi 908, za Ulaya 868, hazisikilizani. Na haziingii kwenye maboksi yetu. Mshukuru kaka.

Dima yangu inavuma kama nyuki.

Dima za zamani hukata mwanzo wa kila wimbi kwa ghafla, na mkato huo ndio unaovuma na kusambaza kelele. Tumia dima inayokata mwisho wa wimbi, pamoja na balbu zilizoandikwa kwamba zinakubali dima. Soma pia kiwango cha chini cha mzigo. Dima inayotaka wati 40 haiwezi kutulia na LED ya wati 7. Pangaboi usilifunge kwenye dima ya taa hata siku moja.

Nikiongeza erthi mpya, kelele zitaisha?

Erthi, waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ni ya kukuokoa wewe na inatakiwa iwepo. Swichi janja nyingi haziitumii kwa lolote. Kinachoniudhi ni fundi anayetumia erthi kama nyutro ili swichi iwake. Itawaka, ni kweli. Ila sasa kuna umeme unaopita kwenye waya uliounganishwa na mwili wa friji yako. Breka ya kulinda watu ikikatakata baada ya kufungiwa swichi janja, fungua boksi uangalie hilo kwanza.

Taa za nyumba nzima zinapanda na kushuka, nyingine zinazidi mwanga. Nifunge feraiti wapi?

Popote usifunge. Zima meni swichi sasa hivi. Taa zikififia upande mmoja wa nyumba huku upande mwingine zinang'aa kupita kiasi, kuna uwezekano nyutro imelegea au imekatika, na kwenye nyumba ya fezi tatu (inayoletewa laivu tatu) baadhi ya soketi zinaweza kuwa zinapata karibu volti 400. Chomoa friji na runinga, piga simu ya dharura ya shirika la umeme, na usirudishe mpaka wapime.

Naweza kufanya haya mwenyewe?

Kuchomoa, kusikiliza redio, kubadilisha balbu, kuhamisha chaneli, vyote fanya. Kufungua boksi, zima breka na uthibitishe kwa mita, si kwa testa peke yake. Kuvuta nyutro au kuifungua meni swichi, mwite fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, kwa Tanzania ya EWURA na kwa Kenya ya EPRA. Akifika mwonyeshe ulichoandika: chumba gani, saa ngapi, kifaa gani kilikuwa kinawaka. Karatasi hiyo inanipunguzia mimi saa mbili za kazi, na wewe hela ya saa mbili.